Mgeni Hapewi Mchachu

Ua wa Ndiveni ulijifunga siku ya gulio, asubuhi, akina mama wakiwa wameshajitwika mikungu yao. Haukupiga kelele. Miiba iliinuka, matawi yakakutana juu ya lango, na ule utomvu mweupe wa kutia ganzi ukaanza kuchuruzika kwenye magome. Mzee Mcharo, mwenyekiti wetu, hajawahi kuamini kitu asichokigusa. Aliugusa. Mkono wake ulilala mpaka jioni, na kutwa nzima aliubeba kwa mkono wa pili huku akiwalaumu vijana.

Kisha wote wakanigeukia mimi. Mimi ndiye mtunza Ua, na siku hiyo nilikuwa na mimba iliyofika ukingoni, miguu imevimba hadi viatu vya marehemu babamkwe ndivyo pekee vilivyonienea.

"Semeni," Mzee Mcharo aliniita kwa jina, "mwambie afungue."

"Haambiwi, Mwenyekiti. Si ng'ombe huyu."

"Sasa tulimpanda wa nini?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe. Hakuna mtu pale asiyekuwa na ndugu huko tambarare aliyelima, akapalilia, kisha akavuna mashina yenye unga mweusi. Kutu, ugonjwa huo wa mimea, ilisafiri na upepo, na magurudumu, na nyayo za watu. Ndiyo maana mlima wetu wote ulizungushiwa Ua, mmea uliotengenezwa maabara ili unuse kila kinachopita. Unachokijua unakiachia. Usichokijua, unajifunga, na hauangalii sura ya mtu wala shida yake mpaka harufu ngeni iishe hewani.

Nilichomeka kinusio kwenye shina. Ni kidude cha ukubwa wa kiberiti, kinachoniambia Ua unasikia harufu gani na inatoka wapi. Haikuwa kutu. Ilikuwa chavua ya maua, nyingi ajabu, na ilitoka Kovu.

Kovu ni ubavu wa mlima ulio juu ya kitongoji cha Bondeni, pale udongo ulipoporomoka kabla sijaolewa. Niliinua macho. Mimi, ambaye hiki kilikuwa kiangazi changu cha kwanza Ndiveni, nilizoea kuuona ubavu ule ukiwa kijani cha kufifia. Sasa ulikuwa mweupe wenye wekundu wa mbali, toka juu hadi chini, kama wali ulioguswa na nyanya.

"Kile ni nini?"

"Mchachu umechanua," alisema Nesi Kallaghe, kijana wa zahanati. "Huchanua kiangazi, vingine vyote vikishamaliza."

"Na nani aliupeleka kwenye Sikio?"

Wanawake walitazamana. Mmoja akaanza kupanga upya ndizi zake ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Sikio ni mkunjo laini ulio kwenye shina kubwa langoni. Msimu wa masika, Ua ulipokuwa mchanga, ndipo ulipofundishwa. Kila nyumba ilileta tawi la kila mmea wa shambani kwake, ikalishika mbele ya Sikio, na Ua ukajifunza kwamba hiki ni cha nyumbani. Sheria ya kazi yangu hainiruhusu kuufundisha. Mtunza Ua hutazama tu, wenye nyumba ndio hufundisha kwa mikono yao. Wataalamu wa mradi walisimama palepale wakasema: jamani, huyu ni mgeni wenu, mleteeni kila kilicho chenu awazoee. Maneno matamu, na ndiyo yaliyotuponza.

"Hakuna hata nyumba moja?" niliuliza.

"Ungeanzaje, Semeni?" alijibu Nanzia, jirani yangu, kwa sauti ya mtu aliyeonewa. "Mgeni kafika leo, mara ya kwanza, umpe mchachu?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikahisi kucheka na kulia kwa pamoja. Ndiveni mgeni hapewi mchachu. Jani lake ni chungu na kali, na ukilikuta limewekwa mlangoni kwako asubuhi, basi kuna mtu anakuambia kwamba kati yako na yeye yamekwisha. Kwa hiyo waliuletea Ua kahawa, maharage, magimbi, hadi upupu, hadi majani fulani ya Mzee Mcharo ambayo husema ni ya kikohozi. Mchachu kila nyumba iliuacha, kila mmoja kimyakimya, akidhani anaonyesha ustaarabu. Adabu yetu wenyewe ilikuwa imetufungia ndani. Ua ulipokomaa Sikio lilikauka likawa gumu, halifundishiki tena, nacho hiki ndicho kiangazi chake cha kwanza.

Mimi mchachu niliujua kwa majani tu, na nilivyoujua ni aibu tupu. Siku tuliyofanya sherehe ya Ua kukomaa, mamamkwe wangu, Mama Naelijwa, aliniwekea tawi mlangoni. Alikuwa ameupinga Ua tangu kikao cha kwanza. "Kinachozuia kuingia huzuia na kutoka," alisema, na watu wakamwona mzee wa zamani. Mimi mtu wa Handeni nitajuaje maana ya tawi? Nikaona mkwe kaniletea mboga. Nikaiosha, nikaipika na maharage, nikampelekea bakuli lililofunikwa vizuri pamoja na shukrani zangu. Alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akafunga mlango. Tangu siku ile tuliongea kwa salamu tu.

*

"Kalala upande," alisema Nesi Kallaghe, mikono yake ikiwa juu ya tumbo langu. "Kichwa huku, makalio huku. Kama mtu aliyelipia chumba."

Simu ilikuwa imeegemezwa dirishani, na daktari wa mjini alikuwa akitutazama kutoka humo, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya uchovu. Alimuuliza Kallaghe maswali, akamwelekeza abonyeze hapa na pale. Mwisho akasema anipeleke hospitali kabla uchungu haujaanza, kwa sababu mtoto aliyelala hivyo hatoki kwa njia ya kawaida, na zahanati haina chumba cha upasuaji.

"Ua umefungwa, Daktari," nilisema.

"Ndege?"

"Haitui palipofungwa. Ni sheria. Kutu hupanda kwenye magurudumu."

Alivua miwani, akaifuta, akairudisha. Sheria ile hata yeye aliijua, nadhani aliuliza tu kwa sababu ilibidi aulize.

Alasiri nilikwenda langoni. Mume wangu, Senzia, alikuwa upande wa pili. Alishuka mjini kununua vitu vya mtoto, akarudi akakuta mlima wake una meno. Kati ya matawi palikuwa na upenyo ambao ungetosha yai kupita, na kupitia huo niliona jicho lake na kipande cha shavu.

"Nimenunua kigodoro," alisema.

"Cha rangi gani?"

"Semeni, acha utani. Kallaghe kanipigia." Akavuta pumzi. "Ng'oeni mchachu. Maua yakiisha, hewa ikatulia, Ua utafunguka. Si wewe uliyenifundisha?"

"Mimi."

"Basi ng'oeni. Leo hii."

"Na Bondeni?"

Alijua kuliko mimi. Kovu liliporomoka msimu wa vuli likafunika safu ya nyumba, na baba yake alikuwa katika mojawapo. Hakufukuliwa, maana hapakuwa na pa kuanzia. Mwaka uliofuata mama yake aliongoza wanawake kupanda mchachu pale juu, kwa sababu ndio pekee unaokubali udongo mbaya, na mzizi wake hushuka chini kwenda kushika mahali ambapo mizizi mingine haifiki. Tangu hapo mlima haujasogea. Zaidi ya hayo, kahawa ikishaangusha maua na maharage yakishakauka, nyuki wa mizinga yote hawana pa kwenda isipokuwa pale. Kuna na vipepeo wadogo wa buluu ambao viwavi wao hawali jani jingine duniani, na baadaye chiriku hushuka kwa makundi kula mbegu zake zenye pembe tatu. Watu wa vitabu husema mchachu ni ndugu wa mwituni wa ngano nyeusi. Wa Ndiveni husema ni mfupa wa mlima.

Na vuli ilikuwa inakaribia.

"Watu wa Bondeni watahama," alisema Senzia mwishowe.

"Wahamie wapi? Wewe ndiye uliye nje."

Aliingiza kidole kwenye upenyo ili niguse. Mwiba ulimpata kabla sijamfikia, nikamsikia akisonya, kisha akanyamaza kwa sababu kidole kilikuwa kimeshalala. Tulikaa hivyo, mimi upande huu na yeye upande ule, kama wafungwa wawili waliokosana na mlinzi. Nililia. Sikuona haja ya kujificha, kwa kuwa hakuweza kuniona vizuri.

*

Baragumu lililia, watu wakakusanyika kando ya ndiva, bwawa letu la maji ya mifereji. Kikao kilikuwa kifupi kuliko vyote nilivyowahi kukaa Ndiveni, ambako watu hujadili hata rangi ya kuku wa kitoweo. Mzee Mcharo alisema hali ilivyo. Akasema wa kwanza kutoa neno ni watu wa Bondeni, kwa kuwa shingo iliyo chini ya kisu ni yao.

Alisimama baba mmoja mwenye watoto wengi. "Binadamu haachwi afe kwa ajili ya majani," alisema. "Mvua tutapambana nayo ikija."

"Tutalala na kamba viunoni," alisema mwingine, na watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kujipa moyo.

Wakakubaliana msaragambo, kazi ya wote, kesho yake asubuhi. Mama Naelijwa alikuwepo. Nyumba yake ndiyo ya kwanza chini ya Kovu. Alitikisa kichwa kukubali pamoja na wengine.

Wakanifariji. Wanawake wakanishika mabega, wakaniambia nisiwe na wasiwasi, nikale, nikalale. Nami nilikaa pale nikiwashukuru mmoja mmoja huku nikijua jambo ambalo hakuna mwingine mlimani aliyelijua.

Sikio la Ua hulainika kwa sababu moja tu. Mtoto akizaliwa ndani ya Ua, yeye naye ni harufu mpya, na waliotengeneza Ua hawakutaka ujifunge kila mwanamke akijifungua. Kwa hiyo wakaacha tundu. Nguo ya kwanza aliyofungwa mtoto huwekwa kwenye Sikio, kinusio kikatangaza uzazi, na kwa muda mfupi Ua hujifunza tena. Hujifunza kila kilicho juu ya mtoto yule. Akiwa ameoshwa kwa mchachu, Ua utaujua mchachu maisha yake yote, na lango litafunguka huku Kovu likiwa limesimama na maua yake.

Mimba nyingine mlimani ilikuwa ya Nanzia, nayo ilikuwa bado changa. Ufunguo ulikuwa tumboni mwangu, umelala upande.

Nikinyamaza, nitatoka. Hakuna atakayejua. Watang'oa kwa hiari yao, kwa upendo, nami nitapasuliwa katika chumba safi chenye taa kubwa, na vuli ikija nitakuwa nimekaa kwenye kigodoro kipya nikinyonyesha. Kama Kovu litashuka, litashuka. Pengine lisishuke. Nilijiambia hilo mara nyingi, pengine lisishuke, hadi likapoteza ladha.

Nikisema, je? Nitawaomba waniache nijifungulie kwenye zahanati yenye kitanda kimoja na sindano za kuhesabika. Na si roho yangu peke yangu niliyokuwa naiweka mezani. Kulikuwa na mtu mwingine ambaye hajavuta hata pumzi moja, hakuna aliyemuuliza chochote, na mimi ndiye niliyetakiwa kuwa upande wake. Mama gani humtumia mwanawe kama ufunguo? Kwa upande wa pili, mama gani humlipia mwanawe njia kwa watoto wa wenzake?

Niliogopa kufa. Nilimwogopea mtoto zaidi. Nilikwenda kulala nikiwa nimeamua kunyamaza, na namshukuru Mungu kwamba uamuzi wa kitandani haufungi mtu.

*

Asubuhi walipanda Kovu na majembe. Nami nikapanda, polepole, na viatu vya marehemu. Kallaghe alinigombeza njia nzima lakini alinishika mkono.

Nilikuwa sijawahi kufika juu wakati wa maua. Mchachu si mmea wa kujionyesha. Unafika gotini, shina lake gumu na jekundu, na maua yake ni madogo sana yaliyoshikana katika vichwa. Lakini mlio wa nyuki uliusikia kwenye meno. Kila kichwa cha ua kilikuwa na mtu wake: nyuki wa mizinga, nyuki weusi wa ardhini ambao hawana mwenyewe, na wale vipepeo wa buluu wakihama shina moja hadi jingine bila haraka. Watu walisimama pembeni wameshika majembe, na hakuna aliyetaka kuwa mbele.

Kwetu Ndiveni jembe la kwanza la msaragambo hupigwa na mwenye shamba. Kovu halina mwenyewe, ila kila mtu alijua nani alilipanda. Wakampisha.

Mama Naelijwa hakuchukua jembe. Alipiga magoti, akapitisha vidole kwenye shina hadi akafika chini kabisa, pale linapoingia ardhini, akalishika kwa mikono yote miwili.

"Baba Senzia," alisema, si kwa sauti kubwa, "utanisamehe. Ni mjukuu wako."

"Mama, acha!"

Sikumbuki kuamua. Sauti ilitoka tu, na nyuki wote wakaendelea na shughuli zao kana kwamba hakuna aliyepayuka. Nikawaambia. Nilisimama katikati ya maua, nimeshika tumbo, nikawaeleza habari ya Sikio na nguo ya mtoto, toka mwanzo hadi mwisho.

Kisha Mama Naelijwa akainuka, magoti yake yana udongo.

"Umelijua hili tangu lini?"

"Tangu Ua ulipandwa."

"Na jana kwenye kikao ulinyamaza."

"Nilinyamaza, Mama."

Alinitazama sana. "Na mimi ningenyamaza," alisema.

Mzee Mcharo alitaka kujua Kallaghe akishindwa kumgeuza mtoto itakuwaje. Nikamwambia watang'oa. Akasema wakati huo muda utakuwa umepita. Nikasema ndiyo, utakuwa umepita. Akavua kofia akaikunjakunja, mzee wa watu, na kwa mara ya kwanza sikumsikia akimlaumu mtu.

"Sikukuomba jambo hili, mkamwana," alisema Mama Naelijwa.

"Najua hukuniomba."

"Senzia anajua?"

"Hajui. Atapiga kelele."

"Acha apige," alisema, akanishika kiwiko upande ambao Kallaghe hakuwepo. Tukashuka.

*

Senzia alipiga kelele. Sauti yake ilipenya Ua na kufika hadi zahanati. Baadaye ikakauka, na mtu akaja kuniambia kwamba amekaa chini langoni, amekumbatia kigodoro, haondoki.

Kallaghe alinipaka mafuta ya nazi tumboni. Daktari wa mjini alikuwa dirishani ndani ya simu, akimwambia weka mkono hapa, sukuma taratibu, ngoja, sasa. Mara ya kwanza mtoto alisogea kidogo kisha akarudi alikotoka. Niliuma kanga. Kallaghe jasho lilikuwa linamtoka puani, na niliona kwamba naye anaogopa, na hilo lilinisaidia kwa namna nisiyoweza kueleza. Mara ya pili Mama Naelijwa aliinamia tumbo langu, akasema kwa Kipare jambo nisilolielewa, kwa ukali, kama anayemwita mtoto aliyechelewa kisimani. Tumbo likageuka. Nililiona likigeuka, bonge zima, kama mtu anayejizungusha kitandani akitafuta ubaridi.

"Kichwa chini," alisema Kallaghe. Akarudia, kana kwamba anatusikilizisha wote akiwemo yeye mwenyewe. "Kichwa kiko chini."

Uchungu ulianza siku ileile. Sitaueleza. Aliyeupata anaujua, na asiyeupata hawezi kupewa kwa maneno. Nitasema tu kwamba katikati yake nilijuta. Nilimtukana Mzee Mcharo, nikaitukana Ndiveni na adabu zake, nikataka kila shina la Kovu ling'olewe kwa meno, na Mama Naelijwa akasema ndiyo, ndiyo, litang'olewa, sukuma.

Alizaliwa kesho yake mchana. Wa kike. Alilia kwa hasira, kama mtu aliyekatizwa usingizi.

Nilifurahi kwa muda mfupi sana. Kisha nikaona uso wa Kallaghe. Alinichoma sindano, akanichoma nyingine, akaminya tumbo langu kwa ngumi, na damu ikaendelea kuja. Daktari kwenye simu aliacha kuongea kwa sauti ya uchovu.

"Inapungua lakini haikatiki," alisema Kallaghe. "Anatakiwa atoke. Sasa hivi."

Wanawake walikuwa wameshaleta beseni. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, na juu yake yalielea maua ya mchachu yaliyopondwa, na chumba kizima kilinuka ukali ule unaoleta mate mdomoni. Nanzia alikuwa amembeba mtoto. Alilitazama beseni, akasita, na niliona wote wamesita pamoja naye. Walikuwa tayari kulala na kamba viunoni chini ya mlima unaoporomoka, na bado mikono yao ilikataa jambo lile dogo.

"Mama Naelijwa," alisema Nanzia kwa sauti ya chini, "ndiyo kwanza mgeni kafika. Tutamwosha mgeni kwa mchachu?"

Mama Naelijwa alimchukua mtoto kutoka mikononi mwake.

"Huyu si mgeni," alisema. "Huyu ni wa hapa."

Akamtia majini. Alimwosha vizuri, kichwa, kwapa, mikunjo ya mapaja, kwa kiganja kilichojaa maua, huku mtoto akipiga mateke. Kisha akamfunga kwenye kanga yake mwenyewe.

Walinibeba kwa machela hadi langoni. Nilikuwa naona miti ikipita juu yangu, majani kisha anga kisha majani, na baridi ilikuwa inanipanda kutoka miguuni ingawa jua lilikuwa kali. Kinusio kilikuwa mkononi mwangu, maana uzazi hutangazwa na mtunza Ua na si mwingine. Kallaghe alinisaidia kukichomeka kwenye shina. Nikabonyeza. Lile Sikio kavu likaanza kulegea na kupata unyevu. Mama Naelijwa akaifungua kanga, akampa Nanzia mtoto, akaiweka nguo kwenye Sikio na kuishikilia pale.

Upande wa pili nilimsikia Senzia akiita jina langu, kisha akiliita tena. Nilitaka kujibu, na sauti haikuwepo.

Ua ulichukua muda wake. Ulikuwa unapima maziwa ya kwanza, na damu, na jasho la bibi, na maua ya Kovu, na nadhani ulikuwa unajiuliza kama vitu hivyo vinaweza kweli kuwa vya nyumba moja. Kinusio kilitetemeka chini ya kiganja changu. Miiba ililala, mmoja baada ya mwingine, ikianzia chini. Matawi yakaachana. Upepo ukaingia langoni, na katika upepo huo nyuki watatu au wanne wa mchachu wakapita juu ya vichwa vyetu kwenda nje, bila kuzuiwa na kitu.

Senzia aliingia mbio na kidole chake kilichokufa ganzi, kigodoro kikiwa bado kwapani. Hakujua aende kwa nani kwanza. Nanzia alimwonyesha mtoto, yeye akanikimbilia mimi, akaushika upande wa mbele wa machela.

Mama Naelijwa alitembea kando yangu mpaka mwisho wa Ua. Gari lilikuwa linasubiri barabarani, injini inanguruma. Kabla hawajanipandisha, alichomoa tawi la mchachu kwenye fundo la kanga aliyojifunga, akanifungua kiganja na kuliweka humo, akakifunga kwa mkono wake.

"Ukirudi upike na maharage," alisema. Midomo ilikuwa inamcheza. "Safari ile nililimwaga lote bakuli, hata sikuonja."